Kitu Kimoja cha Kwenu

Tulimwita Matroni, kama vile tuko bweni la shule, ingawa yeye hakulipenda jina hilo. Alisema matroni ni wa wanafunzi, na sisi hatukuwa wanafunzi. Tulikuwa wanawake wazima wenye watoto ambao kwa sababu moja au nyingine tulikosa pa kulala. Lakini hakutupa jina lingine la kumwita, basi Matroni likabaki. Hata leo nikikutana na mwenzangu yeyote tuliyekaa naye katika nyumba ile ya Karatu, nyuma ya soko, tukimtaja Matroni hakuna anayeuliza ni yupi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya muda. Hilo uliambiwa siku ya kwanza, kabla hata hujaonyeshwa choo kilipo. Unapewa chumba, kitanda na blanketi, watoto wanaandikishwa shule, wewe unatafutiwa kibarua au unafundishwa kazi, halafu ukishasimama unaondoka ili mwingine aingie. Wengine walitoka mashamba ya vitunguu, wengine walifukuzwa na wakwe baada ya mume kufa. Mimi nilitoka shamba la kahawa, kule chini ya msitu wa Ngorongoro. Baba wa mtoto wangu wa pili, mtu wa Singida, alikuwa na chumba kwenye kambi ya vibarua. Siku alipoondoka bila kuaga, chumba kikarudi kwa wenye shamba, na mimi nikajikuta kwenye baraza la duka na binti yangu Neema, mdogo wake nikiwa nimembeba mgongoni. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Matroni.

Matroni hakuniuliza habari za mwanaume. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa, hata nimepanga cha kuficha. Alichouliza ni kwetu ni wapi. Nikasema Kansay. Akauliza kama baba yupo. Nikasema yupo. Akauliza kama tunaongea, nikanyamaza, naye akasema basi nikaogeshe watoto, maji ya moto yapo jikoni.

Nieleze kwa nini nilinyamaza. Mimba ya Neema niliipata nikiwa kwa baba, sijaolewa. Kwa mila yetu ya zamani sisi Wairaqw, binti aliyepata mimba nyumbani hazalii chini ya paa la baba yake. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, tunakwenda kanisani Jumapili na tunasameheana, lakini baba yangu alikuwa mtu wa kushikilia. Niliondoka na nguo nilizovaa. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kunifuata njiani na kanga. Tangu siku hiyo nililala pengi, na niseme kweli, kukosa chumba kunauma lakini kuna siku utapata chumba. Kilichonila moyo ni kutojua kama bado nina kwetu.

Matroni alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sweta la kijani ambalo alilivaa juu ya kitenge, iwe baridi au joto. Asubuhi za Juni, ukungu unaposhuka kutoka msituni mpaka humwoni aliyesimama bombani, tulimsikia kabla ya kumwona kwa sababu ya viatu vyake vya tairi. Watoto waliweza kumwigiza alivyotembea, na walimwigiza mbele yake, na yeye aliwasahihisha pale walipokosea.

Kila chumba kilikuwa na kufuli lake, na ufunguo ulikuwa wa mwenye chumba peke yake. Matroni hakuwa na wa akiba. Kamati ya nyumba ilimgombeza kwa hilo, wakamwuliza ukitokea moto itakuwaje. Akajibu kwamba ukitokea moto atavunja mlango, shoka lipo. Alipotaka kuongea na wewe alisimama nje akapiga hodi, hata kama amebeba ndoo ya unga kichwani, na asipokaribishwa aliondoka na ndoo yake. Mara ya kwanza aliponipigia hodi sikujua la kufanya. Nilidhani anamwita mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa muda mrefu mno kwenye milango ya watu, mpiga hodi nikiwa mimi, na koo lilikuwa limesahau neno karibu.

Kwenye mapishi alikuwa mbishi hivyo hivyo. Wafadhili walimshauri tupike chakula cha pamoja katika sufuria moja kubwa, mkaa uokolewe. Akasema sufuria kubwa ni ya msiba na ya harusi, na hapa hakuna aliyekufa wala anayeolewa. Basi jioni uani palikuwa na majiko yamejipanga, kila mama na sufuria yake, huyu makande, huyu ugali na mlenda, yule mbaazi, na watoto wakipita wakionja kotekote kama mabwana afya. Nilipokuwa mgeni nililia sana juu ya sufuria yangu. Matroni alipita, akaangalia ndani, akasema, "Lia tu, lakini koroga uji, unashika chini."

Wageni nao walikiona cha moto. Karatu ni mji wa magari ya watalii, na mara nyingine gari lililotoka kreta ya Ngorongoro lilikata kona likaja kwetu, watu wateremke na kamera zao wawaone akina mama. Matroni aliwapokea kwa adabu, akawapa kila mmoja sinia la maharage ya kuchambua. Aliyechambua alikaribishwa chai. Aliyetaka picha kwanza aliambiwa, kupitia kwa dereva, kwamba wanyama wako kule juu alikotoka. Madereva walimpenda kwa hilo. Wengine walikuwa wakileta wageni kwa makusudi tu waone atakavyowafanya.

Uongo aliuchukia kuliko wizi. Kuna mwenzetu aliuza unga wake kisha akasema umeliwa na panya. Matroni hakumnyima unga mwingine, alimnyima maneno. Alipita mbele yake kimya siku nyingi mpaka yule mama akamfuata mwenyewe jikoni akasema ukweli, na hapo akaulizwa kwa upole alitaka kununua nini. Alitaka kununua viatu vya mtoto. Viatu vilikuwapo stoo, jozi tele. Matroni alicheka siku hiyo hadi akajishika mbavu.

Msidhani ninamchora malaika. Sukari ya nyumba aliifungia kabatini na kutupimia kwa kijiko kama dawa, wakati chai yake mwenyewe ilikuwa tamu hata inanata mdomoni. Mpira ukitangazwa redioni alitukana wachezaji kwa maneno ambayo sisi tungeyasema tungefukuzwa. Kukumbatiana hakukutaka kabisa. Ukimsogelea na machozi alikupa kitu cha kushika, ndoo au mtoto wa mwenzio. Lakini mtoto akipata homa yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, hakutaka bodaboda, alisema mtoto mgonjwa anarushwarushwa kama gunia. Na alikuwa mkali wa kuondoa watu. Muda wako ukifika hakuna kubembeleza. Ila tuligundua kwamba mtu akishaondoka, Matroni alikuwa hapiti mbele ya chumba kile kwa siku kadhaa. Alizunguka kwa nyuma, kwenye majivu, akifika jikoni viatu vimekuwa vyeupe.

Na yeye kwao ni wapi? Lafudhi yake ilikuwa ya upande wa Mbulu, hiyo haikujificha, na Kiiraqw chake kilikuwa cha zamani kuliko changu. Ukimuuliza alisema kwao ni hapo getini, kwa kuwa chumba chake kilikuwa kando ya geti. Krismasi wote waliokuwa na pa kwenda walikwenda. Yeye alibaki na sisi tusio na pa kwenda, na hatukuwahi kumwona mgeni akimuulizia.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya asisahaulike. Mwanamke alipokaribia kuondoka alipewa vyombo vya kuanzia maisha: sufuria, sahani, ndoo, godoro. Vyote vya msaada, vipya, na vinafanana. Matroni alivipokea kwa shukrani, lakini aliviangalia kwa jicho baya. Alisema mtu akianza nyumba na vitu vya kupewa vitupu, kila akipika atakumbuka alivyookotwa. Lazima katika vyombo vile kiwemo kitu kimoja cha kwenu. Basi alifunga safari yeye mwenyewe kwa ndugu zako kwenda kukiomba.

Hakwenda kupatanisha. Hilo alilikana kabisa, akasema kupatanisha ni kazi ya wachungaji na wazee, wana muda. Yeye alifika, akasalimia, akasema ametumwa kuomba kitu kimoja cha nyumbani, chochote kile, hata kibovu. Kisha akakaa uani. Hakuomba maji, hakuomba kiti, hakusema neno la pili. Ukiwa na mgeni wa namna hiyo, majirani wanapita wanamwona na wanaanza kuulizana, mwisho utatoa kitu ili tu aondoke. Alirudi na kinu kilichopasuka mdomo. Alirudi na kuku wa kienyeji ndani ya kapu. Alirudi na mwiko, na jembe lisilo na mpini, na blanketi lililoliwa na nondo, na kila mmoja wetu aliyepokea kitu chake alikipokea kwa mikono miwili.

Mwenzetu mmoja alikuwa Mmasai wa Loliondo, aliyetimuliwa na ndugu wa mume baada ya mifugo kufa. Matroni hakujua neno la Kimaa zaidi ya salamu. Alikwenda huko hivyo hivyo, gari moja mpaka lingine, akakaa bomani kwa watu asioelewana nao lugha, na akarudi na kibuyu cha maziwa kinachonuka moshi ule wanaotumia kukisafishia. Yule mama alikaa nacho alasiri nzima, akikifungua anakinusa anakifunga. Hakutaka kuongea na mtu. Jioni aliwasha jiko lake, akatupikia chai wote.

Mara nyingine Matroni alirudi mikono mitupu, ametukanwa. Hapo alikuletea matusi yenyewe, yote, bila kupunguza. Nakumbuka alivyomwambia mmoja wetu, "Wamekutukana sana, na kaka yako ndiye kazidi. Maana yake bado wanakukumbuka."

Kwa baba yangu alikwenda akarudi bila kitu. Akaenda tena. Baba hakumfukuza wala hakumtukana. Alitoka, akamwangalia, akachukua jembe akaenda shambani. Aliporudi akampita pale uani kama anavyopita gogo. Matroni alirudi jioni uso umejaa vumbi la Kansay, akaniambia huyo mzee wangu angalau angemtukana, mtu wa kutukana una pa kuanzia naye.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya watalii, chumba cha kupanga nilikuwa nimekiona, Neema anasoma. Kilichobaki ni kuondoka, na nikagoma. Nilimwambia Matroni siendi popote bila kitu cha kwetu. Wenzangu wote walikuwa nacho, hata waliotukanwa walikuwa na tusi lao, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa kama nimeota njiani. Alinikumbusha kwamba kuna binti mwenye mimba kubwa analala jikoni kwenye mkeka akisubiri chumba changu. Nilijua. Nilikuwa nampita kila asubuhi nikienda kuwasha jiko, na bado nikasema siendi.

Akaenda Kansay kwa mara nyingine. Alirudi mapema kuliko kawaida, amebeba ungo. Haukuwa mpya, ulikuwa umeiva kwa kutumika, na ukingo wake umeshonwa kwa katani pale ulipoachia. Alisimama nje ya mlango wangu, akapiga hodi, nikamkaribisha.

"Baba yako amekupa huu," akasema.

Nikamuuliza alisema nini. Akajibu hakusema kitu, ametoa tu. Hilo nililiamini mara moja, ndivyo baba alivyokuwa. Nilikaa chini nikaupakata ungo ule nikalia kama mtoto. Siku iliyofuata nilihama, na yule binti akaingia na mkeka wake.

Sijui nielezeje nilivyoishi na ungo ule. Nilipepeta mahindi hata yaliyokuwa safi. Majirani wa pale nilipopanga wakiuomba nilikuwa nawaambia ni wa baba yangu, wautunze. Na kadiri nilivyoutumia ndivyo ilivyoniingia akilini kwamba mtu aliyepewa kitu na baba yake hana budi kwenda kushukuru. Baada ya mavuno ya mbaazi nilinunua sukari na shuka zito, nikawachukua wanangu, tukaenda.

Tulimkuta baba uani na majirani wanasaidiana kupukuchua mahindi. Watu waliacha kupukuchua. Nilipiga goti pale pale kwenye magunzi nikasema, "Baba, nimekuja kushukuru kwa ule ungo."

Alinitazama. Akatazama chini. Majirani wakaanza kuguna kwa kuridhika, na mzee mmoja akasema, "Ako," ndivyo tunavyowaita wazee kwetu, "hapo umefanya jambo." Baba alikuwa bado ameshika gunzi lake. Nilimwona akiligeuza, akiligeuza.

"Haujatoboka?" akaniuliza.

Nikasema haujatoboka, baba.

"Basi kaeni."

Tulikaa. Baadaye yalifanywa ya kimila yaliyotakiwa kufanywa, mbuzi akachinjwa, na Neema akaitwa mjukuu mbele ya watu. Lakini siku ile ile, tukiwa jikoni, mke wa kaka yangu aliniuliza kwa sauti ya chini ni ungo gani huo. Akasema yule mama mrefu mara ya mwisho alikaa kidogo tu, akainuka akaenda zake bila kupewa hata maji. Hakuna kitu kilichotoka katika nyumba ile. Niliwaza njia ya kurudi Karatu inavyopita mnadani, kule wanakouza vyombo vilivyokwisha kutumika, nikaelewa.

Sikukasirika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba baba yangu alikuwa uani wakati huo akimfundisha mwanangu kupukuchua. Alipewa nafasi ya kusema sikutoa, na hakuisema. Aliendelea kutoisema mpaka alipokufa. Uzeeni alifika mahali akawa ananilalamikia mbele za watu kwamba tangu anipe ungo wake, yeye hana ungo. Nikamnunulia mwingine, akasema si mzuri kama ule. Nawashukuru wote wawili, aliyesema uongo na aliyeubeba. Yule aliyeuchukia uongo kuliko wizi ndiye aliyenirudishia kwetu kwa uongo, na sijui alilala vipi usiku ule.

Miaka imepita. Nina kiwanja Qurus sasa, si mbali na Karatu mjini, na nyumba ndogo ya tofali juu yake. Matroni alizeeka, kamati ikamshukuru kwa maneno mazuri, akaletwa matroni mwingine kijana mwenye kompyuta, na chumba cha getini kikahitajika. Sisi tuliowahi kupita mikononi mwake tulitafutana kwa simu. Tukampangia chumba Qurus, karibu na kwangu, na kila mtu akaleta alichoweza: huyu kitanda, huyu jiko la gesi, yule viti. Yule wa Loliondo alileta mbuzi, hakukuwa na pa kumfunga.

Nilikwenda kumwangalia wiki ile ya kwanza, nikamkuta amekaa katikati ya vitu vile amepakata mikono. Nikamuuliza kama kuna kinachokosekana. Akasema hakuna, amepewa vyote, Mungu awabariki. Akapitisha macho kwenye viti, kwenye jiko, kwenye pazia, na mimi nikalitambua jicho lile. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu na wenzangu wote. Kati yetu sote ambao alituendea kwa ndugu zetu, hakuna aliyewahi kufikiria kumwendea yeye kwa ndugu zake.

Kijiji chao alikigusia mara moja tu mbele yangu, redio ilipotangaza kifo cha mtu wa huko. Alisema huyo ni wa kwetu, akazima redio. Nilipanda basi la Mbulu bila kumwambia mtu. Huko nilitaja jina lake la ubatizo kwa wazee watatu wanne, wakatikisa kichwa, mpaka mmoja akanielekeza kwa mama aliyeolewa kijijini hapo hapo. Mzee huyo alisema ndiye mdogo wake Matroni.

Mama yule alisema hamjui mtu wa jina hilo. Nikamwambia nimekuja kuomba kitu kimoja cha nyumbani, chochote, kisha nikakaa uani kama Matroni alivyokuwa akikaa. Sikuomba maji. Alifagia akinizunguka. Akalisha kuku. Akaingia, akatoka, akaanika nguo zilizokuwa zimekauka tayari. Jua lilipoanza kulala alikuja akasimama mbele yangu na ufagio mkononi.

Aliniambia baba yao alikataza jina lile lisitajwe. Amekufa zamani, lakini wao walishazoea kutolitaja. Dada yake aliondoka na mimba, msimu wa mvua, yeye akiwa mtoto mdogo; mimba ile walisikia iliharibika huko huko njiani, wala hawakujua zaidi. Nyumba ya zamani ilibomolewa, shamba likagawanywa, na vilivyokuwamo vimekwisha. Alinionyesha vyombo vyake, kimoja kimoja, kama anayejitetea: hiki ni cha mume wangu, hiki nilinunua, hiki nililetewa na mwanangu kutoka Arusha. Kitu cha kwao hakikuwepo tena duniani.

Alinisindikiza barabarani kusubiri gari. Gari lilipokuwa linapunguza mwendo alinishika kiwiko, akaniuliza jambo moja, nikapanda.

Pale stendi ya Mbulu kuna wanawake wanauza vyombo vya kienyeji. Nilisimama mbele yao muda mrefu. Halafu nikaona siwezi, kwa sababu nisingeweza kumdanganya mtu aliyenitangulia katika kazi hiyo.

Matroni nilimkuta nje akichambua njegere kwenye bakuli. Aliangalia viatu vyangu, vumbi likamweleza nilikotoka, kisha akaangalia mikono yangu. Akasema nisije nikamletea kibuyu cha mnadani nikamwambia kimetoka kwao. Ndivyo nilivyojua kwamba anajua kuwa nilijua habari ya ungo. Nikamwambia sina kitu, mdogo wake yupo lakini hakuwa na cha kunipa. Akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye njegere zake.

"Ila ameuliza," nikasema. "Ameuliza kama bado unaogopa radi."

Mikono yake ilisimama. Bakuli likaanza kuteleza magotini, nikalidaka.

"Mimi sijawahi kuogopa radi," akasema. Alisema polepole, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Yeye ndiye aliyekuwa akiogopa. Alikuwa mdogo, anaona aibu kusema. Basi nikawa napiga kelele mimi, namwita aje anishike, ndipo anaingia kwenye blanketi langu. Ananishika hivi, ananiambia nyamaza dada, inapita."

Nilikaa kwenye udongo kando yake nikalia pamoja naye, kwa furaha zaidi kuliko uchungu. Tulipotulia akaniuliza basi la Mbulu siku hizi linaondoka saa ngapi. Nikamwambia ni asubuhi, nitampeleka. Halafu nikamuuliza kama akifika atamwambia mdogo wake ukweli.

"Nimwambie ili iweje?" akasema. "Nitamwambia bado naogopa. Tena sana."